Kisiwa Kilichopotea kwa Kikohozi

Kikohozi kimoja ndicho kilichotunyima ramani. Peter Gillis, karani wa mji wa Antwerp, alikieleza kisa hicho katika barua aliyomwandikia Jerome Busleyden mwaka 1516. Baharia mmoja mzee, Raphael Hythlodaeus, alikuwa akisimulia habari za kisiwa alichoishi miaka mitano, mbali kupita nchi zote zilizojulikana. Alipofika pa kutaja kisiwa chenyewe kiko wapi, mtumishi akaingia kumnong'oneza mmoja wa wasikilizaji. Gillis akatega sikio zaidi, lakini mwenzao mwingine, huenda alipata mafua melini, akakohoa kwa nguvu hata maneno ya baharia yakamezwa. Gillis akaahidi kwamba akimpata tena mzee huyo atamuuliza vizuri, na ataleta vipimo kamili vya mahali penyewe.

Hakumpata, maana baharia hakuwapo. Kisiwa hakikuwapo, na bila shaka hata kikohozi hakikukoholewa. Aliyenong'onezwa sikioni ndiye aliyevitunga vyote, wakili wa London aitwaye Thomas More, na Gillis alikuwa rafiki yake aliyekubali kuingia katika mzaha. Barua hiyo ilichapishwa mwanzoni mwa kitabu cha More kana kwamba ni ushahidi, pamoja na ramani ya kisiwa na alfabeti ya wenyeji wake. Watu wachache waliokielewa kitabu hicho walicheka. Waliobaki, kwa karne nne zilizofuata, waliendelea kuuliza njia.

More alikuwa amefika Flanders mwezi Mei 1515 kwa kazi kavu kabisa. Mfalme Henry wa Nane alimtuma pamoja na wajumbe wengine kujadili biashara, ya sufu hasa, iliyokuwa uhai wa Uingereza na wa wafumaji wa Flanders vilevile. Mazungumzo yalifanyika Bruges, yakakwama, na wajumbe wa upande wa pili wakaenda Brussels kumuuliza mkuu wao. More akabaki na nafasi. Akaenda Antwerp, bandari iliyojaa mabaharia, mabepari na habari za nchi mpya, akakaa na Gillis, akaanza kuandika. Alianza na sehemu ambayo leo tunaisoma ya pili, ile ya maelezo ya kisiwa. Sehemu ya kwanza aliiandika baadaye, akiwa amerudi nyumbani London, kwenye mashauri ya mahakama na shughuli za jiji.

Sehemu hiyo ya kwanza ina hasira. Wezi wa Uingereza walikuwa wakinyongwa kwa makundi, na wizi haukupungua. Baharia anaeleza kwa nini: mabwana wenye ardhi waligundua kwamba sufu inalipa kuliko nafaka, wakazungushia mashamba ua, wakafukuza wakulima, na kondoo, mnyama mpole kuliko wote, akawa mla watu. Mkulima aliyefukuzwa hana kazi, akiomba anachapwa, akiiba ananyongwa. Inafaa kukumbuka kwamba mwandishi wa maneno hayo alikuwa amevuka bahari kwa ajili ya biashara ya sufu hiyohiyo.

Jina la kitabu halikuwa Utopia tangu mwanzo. Tarehe 3 Septemba 1516, More alipompelekea mswada rafiki yake Erasmus wa Rotterdam ili amtafutie mchapishaji, alikiita kisiwa kwa neno la Kilatini, Nusquama, lililotokana na neno la kusema "hakuna popote". Mwezi Desemba kitabu kilipotoka Leuven, katika matbaa ya Thierry Martens, jina lilikuwa limegeuka la Kigiriki: *ou*, sio, na *topos*, mahali. Mahali pasipo mahali. Jina la Kilatini lingemfumbulia fumbo kila kasisi na kila karani wa Ulaya, kwa kuwa Kilatini ndicho walichosomea. Kigiriki kilikuwa cha wachache. Kwa kubadili lugha, mzaha ulifungiwa ndani, na wenye ufunguo wakawa marafiki wa Erasmus na watu wa aina yao.

Juu ya hapo, kwenye kurasa za mwanzo kuna shairi fupi linalodaiwa kutungwa na mshairi wa kisiwani, mpwa wa Hythlodaeus, ambamo kisiwa chenyewe kinajisifu kwamba kinastahili kuitwa Eutopia, mahali pema. Kwa matamshi ya Kiingereza, maneno hayo mawili hayatofautiani. Hapo ndipo ulipoingia utata ambao haujatoka hata leo: mtu akisema utopia, anasema mahali pema au mahali pasipokuwapo? More aliacha milango yote miwili wazi, na sidhani ilikuwa kwa kusahau.

Majina mengine nayo yanajikana yenyewe. Mto mkuu wa kisiwa unaitwa Anydrus, usio na maji. Mji mkuu ni Amaurotum, mji wa kiza. Mtawala ni Ademus, asiye na raia. Jirani zao ni Achorii, watu wasio na nchi. Baharia mwenyewe, shahidi pekee tuliye naye, ana jina la ukoo lenye maana ya bingwa wa porojo. Msomaji wa Shaaban Robert hatashangazwa na haya. Ameshaizoea nchi ya Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, ambako waziri anaitwa Majivuno na mshtakiwa anaitwa Karama. Tofauti moja ni kubwa. Shaaban Robert, aliyeandika chini ya utawala wa Waingereza, aliiweka Kusadikika angani, mahali ambapo hakuna meli inayoweza kutia nanga. More aliweka kisiwa chake baharini.

Na bahari ya wakati huo ilikuwa ikitoa visiwa kila mwaka. Barua zilizochapishwa kwa jina la Amerigo Vespucci zilikuwa zikisomwa Ulaya nzima, na More akamfanya baharia wake kuwa mmoja wa watu walioachwa na Vespucci kwenye ngome ng'ambo ya bahari katika safari yake ya mwisho. Kwa msomaji asiyejua Kigiriki, hicho kilikuwa kitabu kingine tu cha safari. More alilijua hilo, akalifanyia utani: katika barua yake kwa Gillis anamtaja mwanatheolojia mcha Mungu anayetamani sana kwenda Utopia kueneza dini, na ambaye amepania kupelekwa huko akiwa askofu. Katika barua hiyohiyo anaomba asaidiwe swali zito: je, daraja la Amaurotum lina urefu wa hatua 500 au 300? Daraja la mto usio na maji.

Ndani ya kisiwa kuna miji 54, yote ya mtindo mmoja, na hakuna fedha. Kila mtu anafanya kazi saa 6 kwa siku, 3 kabla ya chakula cha mchana na 3 baada ya mapumziko, na kazi inatosha kwa sababu hakuna wanaokaa bure. Nyumba hazina makufuli, na kila baada ya miaka 10 watu wanabadilishana nyumba kwa kura. Dhahabu wanayo tele, ila wanaitengenezea vyombo vya haja na minyororo ya watumwa. Kuna kisa cha mabalozi wa nchi ya kigeni waliofika wamejipamba kwa mikufu ya dhahabu. Watu wa Utopia wakawasalimu kwa heshima watumishi wao waliovaa kawaida, wakidhani ndio mabwana, na mabalozi wenyewe wakawapita wakidhani ni watumwa. Mtoto mmoja akamwonyesha mama yake jitu zima ambalo bado linavaa vitu vya kuchezea.

Nimesema minyororo ya watumwa. Ndiyo, watumwa wamo. Mateka wa vita, wahalifu, na maskini wa nchi nyingine waliochagua utumwa wenyewe ndio wanaochinja wanyama na kufanya kazi chafu. Raia akitaka kusafiri nje ya wilaya yake lazima awe na barua ya ruhusa, na akikamatwa mara ya pili bila barua anafanywa mtumwa. Wanaokisifu kitabu kwa zile saa 6 huruka kurasa hizi, na wanaokilaani husoma hizi tu.

Kuna ukurasa mmoja ambao kwa msomaji wa Afrika una uzito kuliko mingine. Watu wa Utopia wakizidi idadi, wanavuka kwenda bara na kujenga makazi mapya mahali ambapo wenyeji wana ardhi nyingi isiyolimwa. Wenyeji wakikubali kuishi kwa sheria za wageni, vema. Wakikataa, wanafukuzwa. Wakipigana, vita hiyo inahesabiwa kuwa ya haki kabisa, maana, wanavyosema watu wa Utopia, taifa linaloiacha ardhi bure na kumzuia mwingine asiitumie limejitafutia vita. Mwandishi huyuhuyu, kurasa chache nyuma, alikuwa amewalilia wakulima wa Uingereza waliofukuzwa mashambani na wenye hoja kama hiyo. Wataalamu wengine husema alikuwa akikejeli. Huenda. Lakini hoja hiyo haikubaki kitabuni.

Wa kwanza kujaribu kukitoa kitabu karatasini alikuwa Mhispania, mwanasheria kama More. Vasco de Quiroga alifika Mexico mwaka 1531 akiwa mmoja wa majaji wapya waliotumwa kusafisha uchafu wa waliotangulia. Mwaka mmoja kabla, mkuu wa hao waliotangulia, Nuño de Guzmán, alikuwa amemuua Tangaxuan, mfalme wa Wapurepecha wa Michoacán, na watu wake walikuwa wamekimbilia milimani. Askofu wa Mexico, Juan de Zumárraga, alikuwa na nakala ya Utopia, ile iliyochapishwa Basel mwaka 1518. Quiroga alikisoma kitabu hicho kwa dhati kabisa. Mwaka 1532 alianzisha kijiji alichokiita Santa Fe nje kidogo ya Mexico, na baadaye kingine ukingoni mwa ziwa Pátzcuaro. Ardhi ilikuwa ya wote, kazi ilikuwa saa 6 kwa siku, mavuno yaligawiwa kwa kadiri ya mahitaji, na familia zilikaa katika nyumba kubwa chini ya mzee mmoja. Wahispania waliotaka vibarua wa bure walimchukia. Mwaka 1535 aliandika hoja ndefu kwa baraza la mfalme, akamtaja More kwa jina kama mtu ambaye ni kama aliwaona watu hawa ingawa hakuwahi kuwaona.

Vijiji hivyo vilidumu baada ya kifo cha mwanzilishi wao mwaka 1565, na Wapurepecha bado wanamwita Tata Vasco, Baba Vasco. Hilo si jambo dogo. Lakini wenyeji hao walikuwa na vijiji vyao, wazee wao na taratibu zao za ardhi kabla jaji hajaja na kitabu mkononi, na waliingia Santa Fe baada ya vita kuwanyang'anya vyote hivyo.

More hakupata kuzisikia habari hizo. Mwaka 1535, ule ule aliotajwa na Quiroga, alikatwa kichwa London tarehe 6 Julai kwa kukataa kula kiapo cha kumtambua mfalme kuwa mkuu wa Kanisa. Kitabu chake hakikutoka kwa Kiingereza hadi mwaka 1551, miaka 16 baada ya kifo. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1935. Wabolsheviki walikuwa wamelitangulia, kwa kulichonga jina lake mwaka 1918 kwenye mnara wa mashujaa wa mapinduzi karibu na ukuta wa Kremlin, Moscow. Mtu aliyetukuzwa na Papa na pia na Lenin lazima aliandika kitabu chenye utata.

Jina la kisiwa likawa jina la aina nzima ya vitabu, kisha la aina nzima ya mawazo. Kadiri wanamaji walivyoijaza ramani, visiwa vya kubuni vilikosa pa kukaa. Mfaransa Louis-Sébastien Mercier akapata njia mwaka 1771: shujaa wake analala Paris na kuamka Paris hiyohiyo mwaka 2440. Tangu hapo utopia ikahama kutoka mahali kwenda wakati, na waliotaka jamii bora wakaacha kuuliza iko wapi, wakauliza lini. Karne ya 19 ikaleta wasiotaka kungoja. Robert Owen, tajiri wa viwanda vya pamba, alinunua mji mzima Indiana, Marekani, akauita New Harmony mwaka 1825. Miaka miwili baadaye ulikuwa umesambaratika kwa ugomvi. Wafuasi wa Étienne Cabet walikwenda Texas mwaka 1848 kutafuta Icaria ya riwaya yake, wakakuta homa na ardhi isiyolimika.

Haishangazi neno likawa tusi. Marx na Engels, katika ilani yao ya mwaka 1848, waliwaita Owen na wenzake wanajamii wa kiutopia, wakimaanisha watu wanaochora nyumba nzuri bila kujua nani atabeba matofali. Mwaka 1868 John Stuart Mill, akizungumza bungeni London kuhusu ardhi ya Ireland, alisema sera ya serikali haistahili hata kuitwa ya kiutopia, kwa kuwa ni mbaya mno, akatumia neno la kinyume chake ambalo leo lina vitabu na filamu zake: distopia. Na tusi lenyewe lilifika hata kwetu. Siasa ya ujamaa iliyotangazwa Arusha mwaka 1967 imeitwa utopia na waliotaka kuizika na pia na walioililia.

Lakini mwaka 1890 kulikuwa bado na sehemu moja ya ramani ambayo Wazungu waliiona kuwa na nafasi. Mwaka huo Theodor Hertzka, mwanauchumi aliyezaliwa Budapest na kufanya kazi ya uhariri wa magazeti Vienna, alichapisha riwaya iitwayo *Freiland*, Nchi Huru. Hakutaka isomwe kama njozi. Ilikuwa mpango wa uchumi uliovishwa nguo za hadithi: ardhi haina mwenyewe, mtaji unatolewa bila riba, kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na ushirika wowote anaoutaka, na wazee, wagonjwa na watoto wanatunzwa na jamii. Riwaya inaanza na msafara unaotoka Mombasa, unapita Taveta na nchi ya Wamaasai, na kwenda kuujenga mji wa kwanza chini ya Mlima Kenya.

Miaka michache kabla ya hapo, mlima huo ulikuwa hadithi kwa wasomaji wa Ulaya. Joseph Thomson alikuwa amechapisha safari yake ya Umaasaini mwaka 1885, akasifia nyanda za juu zenye baridi, maji na majani. Mtu wa Vienna aliyesoma sifa hizo aliona hali ya hewa ya Ulaya ikiwa imetupwa katikati ya Afrika bila wenyewe. Katika riwaya, Wamaasai wanatulizwa kwa zawadi na kwa kuonyeshwa nguvu za silaha, kisha wanageuka marafiki, na mambo yanasonga mbele. Kwamba miteremko ya Mlima Kenya ilikuwa ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na kwamba ardhi ya Mkikuyu ilikuwa na jina, githaka, na ukoo, mbari, unaojua mpaka wake kwa miti na vijito, hilo lilikuwa jambo ambalo kanuni ya "ardhi haina mwenyewe" haikuweza kulisikia.

Kitabu kilipendwa kupita kiasi. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1891, vyama vya Freiland vikaundwa katika miji mingi ya Ujerumani na Austria, Uingereza nayo ikapata chake, na michango ikakusanywa. Kisha likatokea jambo ambalo halikumpata More hata mara moja: watu walipanda meli. Mwaka 1894 kikundi cha Wazungu wa mataifa mbalimbali, kikiongozwa na Dkt. Julius Wilhelm, kilishuka Lamu. Riwaya ilipita Mombasa. Wao walitaka kuufuata mto Tana, unaoingia baharini Kipini, upande wa kusini wa Lamu, na kupanda nao mpaka karibu na mlima.

Tuutazame mji walioufikia. Lamu ya mwaka 1894 haikuwa kizingiti cha nchi tupu. Ilikuwa mji wa mawe wenye karne nyingi, misikiti, mashairi, liwali wa Sultani wa Zanzibar, na wafanyabiashara waliokuwa wakiona biashara yao ikihamia Mombasa. Bara, ng'ambo ya mlango wa bahari, Witu ilikuwa bado na makovu. Mwezi Septemba 1890 Wajerumani kadhaa waliuawa huko baada ya kugombana na watu wa Sultani Fumo Bakari. Mwezi uliofuata Waingereza, ambao walikuwa wameachiwa eneo hilo na Ujerumani, walishusha askari wa majini wakauteketeza mji wa Witu. Mapigano ya msituni yakaendelea miaka kadhaa. Mtu wa Lamu aliyewaona Wazungu wengine wakiteremsha masanduku gatini mwaka 1894 alikuwa na kila sababu ya kuuliza hawa nao wametumwa na nani.

Jibu lingemchanganya. Hawakutumwa na mfalme yeyote. Walikuja kujenga nchi isiyo na bwana na mtumwa, katika mji ambao utumwa ulikuwa bado haujafutwa, chini ya bendera ya Sultani aliyelindwa na Waingereza, na walitaka kupita kwenda kukaa katika ardhi ya watu ambao hakuna aliyewauliza. Maofisa wa Kiingereza pwani hawakuwa na hamu ya kuona dola ndogo ikizaliwa katika eneo walilojitengea. Wakati wakingoja, wana-Freiland wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Fedha zikapungua, joto na homa vikafanya kazi yake, na sifa waliyoiacha ni ya ulevi na ugomvi kuliko ya udugu. Watu wa Tana, Wapokomo waliokuwa wakiupanda na kuushuka mto huo kwa mitumbwi tangu enzi, wangeweza kuwaeleza mambo mengi ya kufaa kuhusu maji yake. Kabla mwaka haujaisha msafara ulivunjwa. Mlima Kenya haukufikiwa.

Hertzka aliishi hadi mwaka 1924 bila kuiona nchi aliyoipangia katiba. Lakini riwaya yake ilikuwa na msomaji mmoja mwenye macho makali, naye pia mtu wa magazeti ya Vienna. Theodor Herzl, katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1896 kuhusu dola la Wayahudi, aliitaja Freiland ili ajitenge nayo. Aliisifu kuwa mashine yenye magurudumu mengi yenye meno yanayong'atana vizuri, ila hakuona lolote la kuthibitisha kwamba inaweza kuwashwa, na akasema hata akiviona vyama vya Freiland vikianzishwa ataviona mzaha. Herzl alitaka kuonyesha kwamba mpango wake una injini, nayo ni shida ya Wayahudi wenyewe. Hata hivyo, mwaka 1902 naye aliandika riwaya ya nchi bora.

Mwaka uliofuata nyanda za juu zilezile zikarudi mezani. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa amepita Afrika Mashariki kwa reli mpya iliyotoka Mombasa na kufika ziwani mwaka 1901. Mwaka 1903 serikali yake ikapendekeza kuwapa viongozi wa Wazayuni, yaani harakati ya Herzl, eneo la kuwahamishia Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi. Historia inauita mpango wa Uganda, kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa mkoa wa Uganda mpaka mwaka 1902. Mahali penyewe ni Uasin Gishu, Kenya ya leo. Walowezi wa Kiingereza, Lord Delamere mbele yao, walipinga kwa kelele, wakitaka ardhi hiyo iwe yao. Mkutano wa Wazayuni Basel ulitokwa machozi na kugawanyika. Herzl akafariki Julai 1904, na mwanzoni mwa mwaka 1905 tume ya watu watatu ilishuka Mombasa kwenda kulikagua eneo: Mwingereza Gibbons, Mswisi Kaiser, na mhandisi Myahudi wa Urusi, Wilbusch. Wilbusch alirudi na taarifa kali kuliko wote kwamba nchi haifai. Mwaka huohuo mkutano wa Basel ukakataa.

Walikagua majani, maji na udongo. Jina la uwanda wenyewe lingewatosha kujua kwamba pana wenyewe: Uasin Gishu ni jina la Wamaasai waliochunga hapo mpaka vita vya karne ya 19 vilipowatawanya, na walipoondoka wao, mifugo ya Wanandi ikaendelea kula majani yaleyale. Lakini sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilikuwa imekwishampa kamishna wa Kiingereza mamlaka ya kugawa ardhi iliyohesabiwa haina mtu, na kwa mtazamo wa ofisi, ardhi ya malisho ilihesabiwa hivyo. Hoja ya watu wa Utopia ilikuwa imepata muhuri wa serikali.

Waliokuja kuichukua hawakuwa na ndoto yoyote ya jamii bora. Mwaka 1908 familia za Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa kwa meli, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapanda milima kwa magari ya kukokotwa na maksai hadi uwandani. Serikali ilipima mashamba na kuyapa namba. Posta ilipofunguliwa mwaka 1910 iliwekwa kwenye shamba namba 64, na mji uliokua kuizunguka ukapewa jina rasmi la Eldoret. Wenyeji walikuwa wameshauita Sisibo, kwa namna namba ya Kiingereza ya lile shamba ilivyosikika masikioni mwao, na wapo wanaouita hivyo mpaka leo.